Habari za Bibi Annie Hore, Aliyepita Mgunda Mkali Mwaka wa 1884

Katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha yubile zimeandikwa habari za watu waliojenga makanisa na shule katika nchi yetu ya Singida. Sisi tunaandika habari za mtu asiyejenga nyumba hapa wala hakukaa. Alipita tu, tena kwa haraka kama wasafiri wote wa zamani walivyopita hapa, maana nchi yenyewe iliogopwa. Walakini twaona habari zake zafaa kusomwa na Wakristo na walimu wetu, kwa sababu mtu huyo alikuwa mwanamke, tena mgeni, tena mama mwenye mtoto mdogo, naye akafika salama. Twataka kujua alifikaje salama.

Jina lake Annie Boyle Hore. Alizaliwa mwaka wa 1853, akaolewa mwaka wa 1881 na Bwana Edward Coode Hore, aliyekuwa nahodha wa bahari kabla ya kuingia kazi ya London Missionary Society. Bwana Hore alifika Ujiji mwaka wa 1878 pamoja na msafara wa kwanza wa misioni hiyo, akakaa miaka kando ya Ziwa Tanganyika, akalizunguka kwa mashua na kuandika ramani zake. Aliporudi Uingereza kupumzika akaoa. Hata mwaka wa 1882 akapata mtoto wa kiume, wakamwita Jack. Mwaka ule ule wakaanza safari ya kuja Afrika wote watatu, na mtoto angali mchanga wa miezi michache.

Watu wengi huko Uingereza waliliona jambo hilo kuwa wazimu. Wake wachache wa wamisionari wa CMS walikuwa wamekwisha kufika Mamboya na Mpwapwa, lakini mbele ya hapo, kupita Ugogo na Mgunda Mkali hata Unyamwezi, na toka Unyamwezi hata Ujiji, njia ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Bwana Hore alikuwa na mawazo mengine. Alipokaa Ujiji aliona ya kuwa mzungu akija peke yake na bunduki, wenyeji humdhani ameleta vita au biashara. Bali mtu akija na mke wake na mtoto wake, hata mjinga atafahamu kwamba amekuja kukaa kwa amani. Kwetu sisi jambo hili si geni. Nani amepata kuona jeshi la vita likija na mtoto wa kunyonya?

Basi, tuanze na kile kiti, maana ndicho kilichompatia Bibi Hore sifa. Huko Uingereza uko mji uitwao Bath, wenye chemchemi za maji ya moto, na wagonjwa huenda kuoga humo. Kwa ajili yao vilitengenezwa viti vyenye magurudumu, vya kumvuta mtu asiyeweza kutembea. Kiti cha namna hiyo ndicho alichonunuliwa Bibi Hore. Magurudumu hayakufaa kitu huku, kwa kuwa njia ya misafara ilikuwa nyembamba, yatosha mguu mmoja kufuata mguu mwingine, nayo yapinda kila penye mti ulioanguka. Kwa hiyo kiti kilibebwa mabegani mwa watu kwa miti, wakipokezana. Mwaka wa 1886 Bibi Hore alichapisha London kitabu cha safari yake, nacho kilipewa jina la kiti hicho. Wasomaji wa Ulaya walikipenda. Ndiyo sababu wengi hata leo wakisikia jina lake hukumbuka kiti, wasikumbuke mabega yaliyokibeba.

Safari yenyewe haikufanikiwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1882 walifika Unguja, wakavuka hata pwani ya Saadani, lakini ilimlazimu mama na mtoto kurudi. Bwana Hore akaendelea bila yao, akiongoza msafara mkubwa uliochukua mashua ya chuma iliyokatwa vipande, akafika ziwani mwaka wa 1883. Mwaka wa 1884 wakajaribu njia nyingine ya kusini, kwa Quelimane na mto wa Shire, wapate kuzunguka kwa Ziwa Nyasa. Huko wakakuta vita imezuka, njia imefungwa. Wakarudi tena Unguja. Mtu mwingine angesema basi, yatosha. Bibi Hore akapanda tena kiti chake Saadani mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wa 1884, Jack akiwa na umri wa miaka miwili na zaidi, wakashika njia ya zamani ya Ugogo.

Tuwaeleze wasomaji vijana jinsi misafara ilivyokuwa, maana siku hizi mtu hutoka Dar es Salaam asubuhi kwa basi na usiku yuko Singida. Wapagazi waliandikwa pwani, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wake wa frasila mbili hivi. Mbele yao alikwenda kirangozi. Waliondoka alfajiri, wakaenda hata jua likawa kali, ndipo wakapiga kambi na kuizungushia boma la miiba. Posho ililipwa kwa nguo, marikani na kaniki, na kwa shanga. Penye nchi isiyo na maji waliondoka baada ya adhuhuri wakichukua maji katika vibuyu, wakalala njiani pakavu, wakaamka na kwenda mbio hata kufika majini kesho yake. Mwendo huo waliuita tirikeza, na hapakuwa na neno lililochukiwa na wapagazi kuliko hilo.

Nao wapagazi hawakuwa wanaume peke yao. Wanyamwezi wengi walisafiri na wake zao, na wanawake hao walichukua vyungu, mikeka, chakula, na mtoto mgongoni, wakafika kambini na kuanza kupika wakati waume wanapumzika. Twalitaja jambo hili makusudi. Watu walipostaajabu kuwa mwanamke amepita Mgunda Mkali, walistaajabia mwanamke wa Kizungu. Wanawake wa Unyamwezi walikuwa wakipita humo miaka mingi kabla yake, kwa miguu, na hakuna aliyewanunulia kiti wala kuchapisha kitabu chao. Hatusemi haya kwa kumpunguzia Bibi Hore heshima. Yeye naye alipita penye hatari ile ile, juani, na mtoto wa kulea kila siku. Twasema tu kwamba hakufungua njia. Alifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na wanawake wenziwe.

Tena walikuwapo wanawake wa namna nyingine katika njia hiyo hiyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, walakini bara biashara ile haikufa, na kwa miaka mingi baadaye watu waliendelea kukamatwa na kupelekwa pwani. Wakati ule mwanamke aliyeonekana njiani peke yake, asiye na ndugu, asiye na mume, asiye na jumbe wa kumdai, alikuwa mali ya yeyote aliyemwona kwanza. Hatari kubwa ya mwanamke msafiri katika nchi hizi ilikuwa hapo hasa, kuliko kwa simba wala kiu: kuwa mtu asiye na wenyewe. Msafara ulikuwa ukoo wa muda. Aliyekuwa ndani yake alihesabiwa, na akikosekana jioni huulizwa yuko wapi. Bibi Hore alikuwa na ukoo wa namna hiyo, na mke wa mpagazi alikuwa nao, kila mmoja kwa kadiri yake.

Ugogo ndipo wasafiri wa Ulaya walipolalamika sana katika vitabu vyao. Kwanza walilalamika kwa ajili ya hongo. Kila jumbe aliyepitiwa alidai nguo kadha wa kadha, na msafara haukuweza kuchota maji wala kuondoka mpaka mapatano yamekwisha. Wengi waliandika kwamba huo ni unyang'anyi. Sisi watu wa nchi kavu, Wagogo na Wanyaturu na Wanyiramba, twaliona kwa macho mengine. Kisima cha nchi kavu kimechimbwa na mikono ya watu, nacho kiangazi hutosha ng'ombe wa kijiji kwa shida. Msafara wa watu mia mbili wakifika na kiu ya siku mbili, wanaweza kukikausha kwa asubuhi moja. Aliyedai malipo alikuwa na haki, ingawa wengine walizidisha. Tena hongo ikiisha kulipwa, mgeni amekwisha kuwa mgeni wa jumbe, na anayemgusa amemgusa jumbe. Bwana Hore, mwenye uzoefu wa njia hiyo, alijua kwamba nguo zile zilinunua maji na zaidi ya maji. Zilimnunulia mke wake usingizi.

Pili walilalamika kwa ajili ya kutazamwa. Hapa shida ya mwanamke ni kubwa kuliko ya mwanamume, nasi hatupendi kuipita kwa haraka. Bibi Hore alipofika kambini watu walikuja kumwona yeye na mtoto, wanawake kwa wanaume, wazee kwa watoto. Hawakuwa wamepata kuona mwanamke mweupe, wala mtoto mweupe mwenye kutembea na kucheka kama watoto wengine. Kwa desturi ya Uingereza kumkazia mtu macho ni utovu wa adabu, na mwanamke anayetazamwa na watu wengi huona haya na hofu. Kwa desturi ya huku mgeni hutazamwa maana ni habari. Na mgeni anayejifungia ndani ndiye anayetiliwa shaka, watu waulizane anaficha nini. Basi pande mbili zote zilikuwa na adabu zao, nazo hazikupatana. Hema ilikuwa ukuta wake. Ndani yake mwanamke aliweza kuoga, kulala na kumtunza mtoto pasipo macho ya watu. Nje yake alikuwa wa wote. Lakini ufunguo wa urafiki ulikuwa Jack. Mwanamke wa Kigogo aliyeogopa kumkaribia bibi wa kigeni hakuogopa kumkaribia mama mwenye mtoto, kwa kuwa mambo ya mtoto ni yale yale kila nchi.

Walimu wasomao maneno haya, hasa mabinti waliopelekwa shule za mbali huko Itigi, Ikungi au Mkalama, watakuwa wamekwisha kujiona hapa. Tumewapokea wengi. Wengine wametoka Kilimanjaro, wengine Kagera, hawajui Kinyaturu wala Kinyiramba neno moja. Tumeona kwamba binti wa namna hiyo akifika usiku, akashuka barabarani asipate mtu wa kumpokea, mwezi wa kwanza huomba uhamisho. Bali akipokewa na mama mmoja wa kijiji, akaonyeshwa kisima, akapewa chumba chenye mlango unaofungwa na mahali pa kuoga penye kuta, hukaa miaka. Fedha ya mambo hayo si nyingi. Kijiji kinachodai mwalimu huku hakina mlango wa kumpa kinadai asichostahili. Lakini turudi kwenye safari.

Baada ya Ugogo njia hupanda ukingo wa bonde kuu karibu na Kilimatinde, na hapo ndipo Bibi Hore alipoingia katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Singida, wilaya ya Manyoni. Mbele yake ulikuwa Mgunda Mkali. Kwa lugha ya Kinyamwezi mgunda ni shamba. Basi jina hilo maana yake shamba kali, nalo halikutiwa bure. Wasafiri wote waliutaja, Burton aliyepita mwaka wa 1857, na Stanley mwaka wa 1871. Ni pori la vichaka vilivyosongamana, vile vichaka vya Itigi tunavyovifahamu, ambavyo mtu akitoka hatua kumi nje ya njia haonekani tena. Maji yalikuwa ya madimbwi, yaliyokauka kadiri kiangazi kilivyozidi. Nao msafara wa Hore ulipita miezi ya mwisho wa kiangazi. Wakimbu walikuwa wamefyeka mahali mahali na kujenga vijiji, msafara ukaweza kununua chakula, lakini katikati ya vijiji ilikuwa tirikeza juu ya tirikeza.

Tena palikuwa na ruga-ruga. Toka miaka ya 1870 mtemi Nyungu ya Mawe, aliyekaa Kiwele katika Ukimbu, alikusanya vijana wenye bunduki na kuishika nchi yote ya Mgunda Mkali, akatawala njia na maji yake. Mwaka wa 1878 Bwana Penrose wa CMS aliuawa na ruga-ruga katika pori hilo. Habari hiyo ilijulikana kwa kila mmisionari aliyepita, na bila shaka ilijulikana kwa Bibi Hore aliyekaa kitini mwake na mtoto. Kaskazini na magharibi alitawala Mirambo wa Urambo, rafiki wa wamisionari wa London, ambaye jina lake tu lilitosha kuwatisha wanyang'anyi wengi.

Basi mtu akipenda kujua nini kilichomlinda mwanamke huyo katika Mgunda Mkali, asitafute katika bunduki chache za msafara. Penrose naye alikuwa na bunduki. Kilichomlinda kwanza ni kwamba watu walitangulia kujua habari zake. Bwana Hore alikuwa amepita humo akiwa na mashua ya ajabu iliyochukuliwa vipande vipande, asipigane na mtu, akalipa alichodaiwa. Habari za namna hiyo husafiri upesi kuliko msafara. Kilichomlinda pili ni wale waliombeba. Mbebaji wa kiti hawezi kukimbia penye hatari ila amtupe aliyemo. Anaweza kumwacha porini akarudi kwao, na misafara mingi iliachwa hivyo na wapagazi waliodhulumiwa au waliokosa posho. Hao hawakumwacha. Walipita naye penye miiba, penye kiu, mzigo wao ukiwa mtu mwenye kulia na kucheka badala ya robota ya nguo, wakamfikisha Unyamwezi yeye na mwanawe. Twaona hiyo ndiyo habari kubwa ya safari, kuliko kiti.

Mwezi wa Desemba mwaka ule wa 1884, safari yao ingali haijafika mwisho, Mirambo akafariki, tarehe 2. Mwezi huo huo akafariki na Nyungu ya Mawe. Wasafiri wengi waliogopa kwamba njia yote itaharibika. Urambo ilidhoofika kweli, isirudi nguvu zake za kwanza. Lakini kwa Nyungu mambo yalikwenda namna nyingine. Nafasi yake ilishikwa na mwanamke, jina lake Mgalula, na nchi haikuvunjika. Utawala ule uliendelea hata Wajerumani walipofika. Twafurahi kuliandika jambo hili, maana wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Bibi Hore alibebwa kupita pori lililoogopwa na wanaume wa Ulaya, na katika majuma yale yale alipoliacha nyuma, pori hilo likawa chini ya amri ya mwanamke.

Wakafika Ujiji mwezi wa Januari 1885, baada ya siku tisini toka pwani, mwendo wa zaidi ya maili 800. Misafara mingi ilichukua muda mrefu kuliko huo. Toka Ujiji wakavuka ziwa kwenda kisiwa cha Kavala, karibu na pwani ya magharibi, kilichochaguliwa kuwa makao ya kazi ya mashua. Huko Bibi Hore akawa na nyumba yake kwa mara ya kwanza tangu kutoka kwao. Akakusanya wasichana wa kisiwa na kuwafundisha, naye akawa mgeni aliyekwisha kuwa mwenyeji. Ikawa zamu yake kuwapokea wengine waliofika wamechoka.

Walikaa hata mwaka wa 1888, wakarudi Uingereza. Mwaka uliofuata, 1889, Jack akafariki huko, mtoto aliyepita Mgunda Mkali na homa za ziwa akiwa hai. Umri wake ulikuwa miaka saba. Wazazi waliolaumiwa kwa kumpeleka Afrika walimzika katika nchi yao wenyewe, kwenye waganga na hospitali. Hatuna la kuongeza hapo, ila kwamba wazazi waliozika watoto watafahamu.

Baadaye Bwana Hore alirudi baharini, akawa nahodha wa merikebu ya misioni katika visiwa vya Bahari ya Kusini. Mwisho wakahamia Tasmania, kisiwa kilicho kusini ya Australia, tena ugenini. Bwana alifariki mwaka wa 1912. Bibi akaishi mjane miaka kumi, akafariki mwaka wa 1922.

Katika mwaka ule wa 1912 reli toka Dar es Salaam ilifika Tabora, ikiwa imepita Manyoni na Itigi, katikati ya Mgunda Mkali. Mwaka wa 1914 ikafika Kigoma, jirani na Ujiji. Njia ya siku tisini ikawa ya siku chache, na kirangozi na tirikeza zikasahauliwa. Penye stesheni, mahali ambapo misafara ilikuwa ikitafuta dimbwi, wanawake wa vijijini wakaanza kuja na vikapu vyao vya kuku na karanga na asali, wakiwauzia abiria madirishani, na wenye watoto mgongoni wakitazamana na wenye watoto magotini mpaka gari la moshi linapoondoka.